Malori kuchemsha Unguja: Tatizo ni rejeta au ni mazoea yetu?

KISIWA cha Unguja hakina milima. Sehemu yake iliyoinuka zaidi, katika ukanda wa Masingini, haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na dereva wa lori wa Zanzibar hakutani na adha ya kupanda mlima kama ule wa Kitonga mkoani Iringa. Pamoja na hayo, malori ya Unguja huchemsha.

Huchemsha yakiwa yamebeba mchanga kutoka Donge, huchemsha yakiwa na makontena kutoka bandari ya Malindi, na huchemsha hata yakiwa kwenye foleni, yakisogea hatua mbili na kusimama. Hali hiyo imezoeleka kiasi kwamba lori lililoinuliwa kichwa pembezoni mwa barabara, na utingo wake akitafuta dumu la maji, halimshangazi mpita njia.

Hata hivyo, jambo kuzoeleka hakulifanyi kuwa dogo. Lori likichemsha, kinachopotea si maji ya rejeta peke yake. Hupotea siku ya kazi ya dereva na utingo, huchelewa mzigo wa mfanyabiashara, hufungwa njia moja ya barabara ambayo tayari ni nyembamba, na mara nyingine huharibika injini ambayo bei yake inaweza kumfilisi mmiliki mdogo. Gharama hizo haziandikwi kwenye risiti yoyote, lakini hatimaye hulipwa na anayenunua saruji, mchele au tofali.

Swali la kujiuliza ni hili: katika kisiwa tambarare, chenye masafa mafupi, kwa nini mfumo wa kupoza injini uwe ndio ugonjwa sugu wa malori? Na kwa nini tiba inayotolewa kila siku, yaani kuziba rejeta iliyotoboka, kujaza maji na kuondoka, haiponyi?

Ili kulijibu swali hilo ni vyema kwanza tukumbuke namna Unguja inavyolitegemea lori. Reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilikwisha kazi katika miaka ya 1920, na tangu hapo kila kinachoshushwa bandarini na kila kinachochimbwa shamba husafiri kwa barabara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na zaidi ya milioni 1.3 kati yao wanaishi Unguja. Chakula chao kingi, mafuta yao na vifaa vyao vya ujenzi hupita kwanza mgongoni mwa lori.

Aidha, tangu mwaka 2021 kisiwa kimeshuhudia ujenzi mkubwa wa barabara za mjini na za shamba, masoko, skuli, hospitali na hoteli. Uwanja wa Amaan ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Desemba 2023. Kila mradi wa aina hiyo una maana ya maelfu ya safari za mchanga, kokoto, kifusi na saruji. Kazi ya malori imeongezeka. Uangalizi wa malori hayo haukuongezeka kwa kiwango hicho.

Sasa tuitazame injini yenyewe. Katika injini ya dizeli, nishati iliyomo ndani ya mafuta haiendi yote kwenye magurudumu. Kwa makadirio ya kawaida, kiasi cha thuluthi moja tu au zaidi kidogo ndiyo hugeuka kuwa nguvu ya kuvuta mzigo. Sehemu nyingine kubwa hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye chuma cha injini ikiwa joto tupu. Joto hilo ndilo linalopaswa kuondolewa na maji yanayozungushwa na pampu, kutoka kwenye vyumba vya injini hadi kwenye rejeta, ambako upepo hulichukua.

Kwa maneno mengine, rejeta ni mlango wa kutolea joto. Mlango huo ukiziba hata nusu, joto hubaki ndani. Na upepo unaopaswa kulichukua hutoka sehemu mbili tu: mwendo wa gari na feni. Lori linalokwenda mwendo mzuri katika barabara ndefu hupata upepo wa bure. Lori linalojikokota mjini hutegemea feni peke yake.

Hapa ndipo Unguja inapotofautiana na Tanzania Bara. Adui wa lori la Kitonga ni mlima. Adui wa lori la Unguja ni foleni. Bandari ya Malindi ipo ubavuni mwa Mji Mkongwe, eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hivyo haiwezi kutanuka kwa wepesi, na kwa miaka mingi imekuwa ikilalamikiwa kwa ufinyu na msongamano wake.

Mwezi Septemba 2023 uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa kampuni ya Zanzibar Multipurpose Terminal, tanzu ya Africa Global Logistics, na maeneo ya Maruhubi na Fumba yakatengwa kwa ajili ya kuhifadhia makontena. Ni hatua ya kuipunguzia bandari mzigo. Lakini isisahaulike kuwa kila kontena linalohamishwa kutoka gatini kwenda Fumba ni safari nyingine ya lori, tena katika barabara zinazotumiwa na daladala, bodaboda, baiskeli na gari za ng'ombe kwa wakati mmoja.

Katika mwendo huo wa kusogea na kusimama, kwa gia ndogo na mzigo mgongoni, feni ndiyo roho ya injini. Mkanda wake ukilegea, klachi yake ikichoka, au lile kava linaloizunguka ili kuuelekeza upepo likiwa limevunjika, rejeta hata iwe mpya haitafanya kazi yake. Si mara moja kava hilo hufunguliwa gereji wakati wa matengenezo mengine na lisirudishwe tena, kwa hoja kwamba ni plastiki tu. Plastiki hiyo ndiyo inayoifanya feni ivute upepo kupitia kwenye rejeta badala ya kuuzungusha upepo uleule wa moto ndani ya boneti.

Jambo la pili ni hewa ya kisiwani. Kipindi cha kaskazi, hasa mwezi Februari na Machi, joto la mchana hufikia nyuzi 32 na zaidi. Hewa yenye joto hilo ina uwezo mdogo wa kuipoza rejeta kuliko hewa ya nyanda za juu. Tena hewa hiyo ina chumvi ya bahari. Mapezi membamba ya rejeta, hasa yale ya alumini, huliwa na chumvi hiyo taratibu hadi yakawa unga mkononi. Vumbi la mchanga na kifusi likichanganyika na unyevu hugeuka tope linaloziba nafasi kati ya pezi na pezi. Rejeta ya namna hiyo kwa mbele huonekana nzima, lakini upepo haupiti.

Jambo la tatu, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni maji.

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya visima yanayopita katika jiwe hilo huchukua chokaa. Mama wa nyumbani analijua hilo bila ya kusoma kemia: birika lake la chai hufanya utando mweupe ndani, na kila likichemshwa utando huongezeka. Katika maeneo ya maweni ya kusini na mashariki, kama vile Makunduchi, Jambiani na Paje, visima vingi vina chumvi pia, kwa kuwa bahari ipo karibu na jiwe lina matundu.

Kwamba si kila maji ya kisiwa hiki ni sawa si habari mpya. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, aliuletea mji maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi za upande wa Bububu, kwa sababu visima vya mjini havikuwa vya kutegemewa. Kilichokuwa kweli kwa tumbo la binadamu miaka 140 iliyopita ni kweli pia kwa tumbo la injini.

Maji ya chokaa yakiingia kwenye injini hufanya yaleyale yanayofanywa kwenye birika. Yakipata joto, chokaa hujitenga na kuganda kwenye kuta za vyumba vya injini na ndani ya vijibomba vya rejeta. Utando huo ni kizuizi cha joto. Chuma kilicho nyuma yake kinaungua wakati maji yaliyo mbele yake bado hayajapata moto wa kutosha, na saa ya joto kwenye dashibodi inaweza kumdanganya dereva kwamba mambo ni shwari.

Ubaya zaidi ni kwamba madhara hayo hujilimbikiza. Rejeta inayovuja hujazwa kila siku. Maji hutoka kama mvuke, chokaa hubaki. Dumu la leo huacha chokaa yake juu ya chokaa ya jana. Kwa hiyo uvujaji mdogo, ambao tajiri wa gari anauona ni wa kuvumilika, ndio unaoijaza injini mawe kidogo kidogo hadi siku itakapokataa.

Dawa ya jambo hili inajulikana dunia nzima, nayo ni kulanti. Wengi wetu tunaamini kwamba kulanti ni ya nchi za theluji, ili maji yasigande. Imani hiyo ni kweli nusu tu. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu. Kulanti sahihi ina dawa za kuzuia kutu na ulaji wa alumini, na huinua kiwango cha kuchemka. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti ya glaikoli huchemka karibu na nyuzi 108, na mfumo ukiwa umefungwa kwa mfuniko wenye presha sawasawa kiwango hicho hupanda zaidi.

Kwa malori makubwa ipo sababu nyingine nzito. Injini nyingi za aina hiyo zina silinda za kuchomekwa ambazo kwa nje huguswa moja kwa moja na maji. Dizeli inapolipuka ndani, ukuta wa silinda hutetemeka, na mtetemo huo hutengeneza mapovu madogo kwenye maji. Mapovu yakipasuka hudonoa chuma, kitundu kwa kitundu, hadi maji yanapopenya ndani ya silinda au kwenye oili. Dawa zilizomo kwenye kulanti ya malori huweka ngozi nyembamba ya kukikinga chuma hicho. Maji ya kisima hayana ngozi hiyo.

Jambo la nne ni mazoea ya gereji zetu. Lori likichemsha, moja ya hatua za kwanza zinazochukuliwa ni kuing'oa themostati na kuitupa. Hoja inayotolewa ni kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi na kwamba huku kinazuia maji. Hoja hiyo haina msingi. Themostati hufunguka yenyewe maji yakifikia nyuzi 80 hadi 90 hivi, kutegemea injini, na kazi yake ni kuiweka injini katika joto linalounguza dizeli vizuri. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa na ubaridi, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Na si hilo tu. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huufunga mlango mwingine, ule unaoyarudisha maji kwenye injini bila ya kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, mlango huo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani kwa ndani bila ya kupozwa. Yaani kifaa kilichoondolewa ili lori lisichemshe, kwa kuondolewa kwake, kinaweza kulifanya lichemshe zaidi.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa. Mfuniko mzima unaobeba presha ya takriban baa moja huyafanya hata maji matupu yasichemke hadi kufikia nyuzi 120 hivi. Springi yake ikilegea, au ukibadilishwa kwa mfuniko wa gari jingine uliokaa tu, kinga hiyo yote hupotea. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huo ndicho kinachoamua maji yachemke saa ngapi.

Kutokana na hayo, ni wazi kwamba kubadilisha rejeta si kufungua ya zamani na kufunga mpya. Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza kwa nini ile ya zamani ilikufa. Huiacha injini ipoe kwanza, kwa kuwa kufungua mfuniko wa moto kumewaunguza wengi usoni na mikononi. Huyakinga maji ya zamani kwenye chombo na kuyatazama: yakiwa na rangi ya kutu, yana habari yake, yakiwa na oili, yana habari nyingine mbaya zaidi.

Kisha huisafisha injini yenyewe hadi maji yatoke meupe, maana rejeta mpya ikifungwa kwenye injini iliyojaa chokaa na kutu, uchafu wote ule husukumwa kuingia kwenye vijibomba vipya na kuviziba katika muda mfupi. Hukagua pampu ya maji, hasa kile kitundu kidogo chini ya shafti kinachodondosha maji pale sili inapochoka. Hubadilisha mipira iliyovimba au kupasuka, mkanda, themostati na mfuniko kwa pamoja. Huhakikisha raba za kushikilia rejeta ni nzima, kwa sababu lori likirukaruka kwenye mashimo bila ya raba hizo, rejeta hupasuka kwenye maungio. Mwisho huupima mfumo kwa presha, huutoa hewa iliyonaswa ndani, na huliendesha lori likiwa na mzigo kabla ya kulikabidhi.

Kazi hiyo huchukua siku nzima au zaidi. Kuziba tundu huchukua saa moja. Hapo ndipo uchumi unapoingia.

Ni rahisi kumlaumu dereva kwa kujaza maji ya kisima, au fundi kwa kulehemu pasipolehemeka. Lakini tuangalie nani hulipwa kwa kipi. Dereva na utingo wengi hulipwa kwa tripu. Lori lisipotembea, nyumbani hakupikwi. Anayepaswa kununua kulanti ni tajiri, ambaye hayumo ndani ya gari na haoni mvuke. Fundi naye hulipwa kwa kulifanya lori liondoke, halipwi kwa kulifanya lisirudi. Katika mpangilio huo kila mmoja anafanya linalomfaa kwa siku ya leo, na wote kwa pamoja wanaiua injini ya kesho.

Siku injini inapokufa, hedi imepinda, gasketi imeungua na maji yamechanganyika na oili, lawama humwendea dereva: kwa nini hukuangalia saa ya joto? Wapo madereva wanaopoteza kazi kwa kosa lililoanza miezi mingi nyuma, pale ilipoamuliwa kwamba maji ni maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema ukuta huo ungejengwa kwa mshahara wa asiyehusika na ufa.

Aidha, teknolojia imebadilika huku mazoea yakibaki palepale. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, zenye matangi ya shaba nyeupe, na fundi hodari aliweza kuzifungua, kuzisafisha na kuzilehemu kwa risasi zikarudi kazini miaka mingine. Malori ya kisasa yana rejeta za alumini zilizobanwa kwenye matangi ya plastiki. Ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini hazikubali ulehemu wa asili. Zikipasuka hupakwa gundi, na gundi hiyo huishi hadi foleni nyingine ya jua kali.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuachana na malori chakavu na kununua mapya. Hoja hiyo ina uzito, kwani malori mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na rejeta iliyosafiri nusu dunia ikiwa na kutu tumboni haitapona kwa kufika Malindi. Lakini upya peke yake hautatuokoa. Injini nyingi za kisasa, zilizoundwa kupunguza moshi wa sumu, hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini baada ya kuupoza kwa maji yaleyale ya rejeta. Mfumo wa kupoza una kazi kubwa zaidi kuliko zamani, si ndogo. Lori jipya likinyweshwa maji ya chokaa litakufa haraka kuliko lile kuukuu.

Kuna upande mwingine wa jambo hili usiozungumzwa, nao ni afya. Ulehemu wa rejeta za shaba hutumia risasi na tindikali, na mara nyingi hufanywa katika vibanda visivyo na upepo, bila ya glavu wala kinga ya pua. Moshi na vumbi la risasi hudhuru mwili taratibu, hasa wa vijana wadogo wanaojifunza kazi pembeni ya fundi.

Na kulanti inayomwagwa? Glaikoli ya aina ya ithilini ni sumu, na ina ladha ya utamu inayowavutia watoto na wanyama, wakiwemo paka wanaojaa katika vichochoro vya mji. Katika kisiwa ambacho maji ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, chini ya jiwe lenye matundu, kumwaga kulanti chakavu mtaroni au kwenye shimo la gereji ni kuikaribisha kwenye visima vyetu wenyewe. Kwa hiyo tunapohimiza matumizi ya kulanti ni lazima tuhimize pia namna ya kuikusanya inapochakaa. Kuhimiza moja bila ya jingine ni kuhamisha tatizo kutoka kwenye injini kwenda kwenye kisima.

Zanzibar imekwisha kupata somo juu ya kupuuza mambo ya aina hii. Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa gizani kwa miezi mitatu, baada ya njia moja ya umeme kutoka Tanzania Bara kupata hitilafu. Majenereta, ambayo nayo mengi hupozwa kwa rejeta, yakanguruma mchana na usiku mjini. Tulijifunza wakati ule kwamba kisiwa hakina jirani wa kumkimbilia pale mshipa wake mmoja unapokatika, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100. Malori ni mshipa pia, isipokuwa huu haukatiki siku moja ukapata vichwa vya habari. Hukatika lori moja moja, kimya kimya.

Nini basi kifanyike?

Kwanza, Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ielekeze jicho lake kwenye kulanti, mifuniko, themostati na rejeta zinazoingia nchini. Rangi ya kijani au nyekundu kwenye chupa si ushahidi kwamba ndani yake mna kulanti. Maji yaliyotiwa rangi hufanana nayo kabisa. Mnunuzi wa kawaida hana namna ya kupambanua, taasisi inayo.

Pili, ukaguzi wa magari usiishie kwenye breki, taa na matairi. Kulikagua lori kama lina themostati, kava la feni na mfumo unaoshika presha ni kazi ya dakika chache, na lori linaloharibika katikati ya barabara usiku, bila ya taa wala kibao, ni hatari kwa maisha sawa na lori lisilo na breki.

Tatu, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo vyake Mwanakwerekwe na Mkokotoni, pamoja na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni, zifikirie kozi fupi za jioni kwa mafundi ambao tayari wapo gereji. Wengi wao ni mahodari wa mkono, waliojifunza kwa kuangalia. Wanachokihitaji ni sababu za kile wanachokifanya, vifaa vya kupimia presha na ubora wa kulanti, na kinga dhidi ya risasi.

Nne, wamiliki wabadilishe hesabu. Anayeshindwa kununua kulanti leo, angalau asitumie maji ya kisima. Maji ya betri yanauzwa madukani, na kisiwa hiki hupata mvua nyingi za masika ambazo zikikingwa kutoka kwenye paa safi, baada ya mvua ya kwanza kulisafisha vumbi na chumvi, hutoa maji laini ya bure. Si mbadala wa kulanti, lakini ni bora mara nyingi kuliko chokaa ya kisimani. Pia si haki dereva akatwe mshahara kwa kuchemsha gari ambalo hakupewa fedha ya kulitunza. Mkataba wa maandishi, unaosema nani ananunua nini na lini, ungewalinda wote wawili.

Tano, mipango ya bandari izingatie foleni ya malori kuwa ni gharama. Kumpa dereva muda maalumu wa kufika gatini, badala ya kumwita alfajiri akasubiri hadi alasiri injini ikinguruma, ni nafuu kwa rejeta, kwa mfuko wa tajiri na kwa mapafu ya wakaazi wa Malindi, Funguni na Kinazini.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo wa nje wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji tukubali kwamba lori linalochemsha katika kisiwa kisicho na mlima halikushindwa na barabara. Limeshindwa na maji tuliyolinywesha, vifaa tulivyoving'oa na saa tulizolisimamisha juani. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wetu, na ndiyo maana kuendelea kuyaacha hakuna kisingizio.